Mwongozo kwa Anayetaka Viti Vitupu

Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unafundisha namna ya kuwatoa watu sinema mpaka ukumbi ubaki na mlinzi na viti vyake. Nimeamua kuuandika hivi kwa sababu kila yanapozuka mazungumzo kwamba siku hizi watu hawaendi sinema, lawama zote hubebeshwa simu ya mkononi. Simu inaonewa. Ilipofika, kazi ilikuwa imeshafanyika. Ilifanywa taratibu, kwa sheria, kwa kodi, kwa bei na kwa uzembe, na wengi wa walioifanya hawakukusudia ubaya. Hatua zilizomo humu zimeshafuatwa, nyingi Tanzania na chache Kenya. Sikubuni hata moja, na zote zinaniuma.

Kwanza ujue unachokwenda kukivunja. Twende Unguja. Mwaka 1921 Mji Mkongwe ulipata Royal, jumba lililochorwa na J. H. Sinclair, msanifu yule yule wa Mahakama Kuu na Makumbusho ya Amani. Sinema, basi, ilipewa mchoraji wa majengo ya dola. Jumba hilo liliungua, likajengwa upya, na mwaka 1955 likafunguliwa kwa jina la Majestic. Jirani na soko la Darajani palikuwa na Empire. Mwaka 1951 ikaongezeka Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Cine Afrique. Majumba matatu, na unayamaliza yote kwa miguu kabla hujaimaliza kashata yako. Ukaribu huo uliwapa wenye sinema ujanja ambao mpaka leo naustaajabia: kopi moja ya filamu ilionyeshwa majumba mawili usiku mmoja. Mkanda wa kwanza ukimalizika huku, kijana anaudaka, anarukia baiskeli na kupenya nao vichochoroni hadi kule, ambako watu wameshaketi wanausubiri. Maonyesho ya jumba la pili yalitegemea miguu ya huyo kijana.

Na waliokuwa wakisubiri ni watu wa kila namna. Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi, na foleni iliwachanganya wachukuzi wa bandarini, makarani, wenye maduka, akina mama na wajukuu wao. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mabuibui yamejaa kutoka viti vya mbele hadi balkoni. Idi ilitaka nguo mpya na picha mpya. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilirudiwa mpaka watu wakazijua nyimbo zake kwa moyo, hata wale wasiojua neno la Kihindi. Tiketi zikiisha dirishani, walanguzi walikuwa nazo uchochoroni kwa bei ya kuumiza, na bado zilinunuliwa. Mwenye senti chache alikaa mbele, shingo juu, karibu na skrini. Mwenye nazo alipanda balkoni. Wote wakalia pale pale palipotakiwa kulia. Bara mambo yalikuwa hayo hayo. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Odeon, Empress, Cameo na New Chox, na miji kama Tanga, Moshi, Arusha na Mwanza ilikuwa na yake. Kesho yake asubuhi, sokoni na shuleni, watu walikuwa na jambo moja la kuzungumza.

Hilo ndilo unalotaka kulivunja. Si kazi ya siku moja.

Anza kwa kumtenganisha mwenye jumba na jumba lake. Zanzibar hilo lilifanyika baada ya Mapinduzi ya 1964. Tanzania Bara lilikuja kwa sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majumba ya sinema yakakumbwa pamoja na nyumba za kupangisha. Sipuuzi sababu za sheria ile. Kulikuwa na watu waliokusanya kodi za mtaa mzima huku wafanyakazi wakibanana chumba kimoja. Lakini jumba la sinema haliendeshwi kama nyumba ya kupangisha. Linahitaji mtu anayekaa mlangoni kila usiku, anayejua bibi fulani hapandi ngazi, anayejua picha gani ilichosha watu wiki iliyopita, anayeona kiti kimepasuka na kumwita fundi asubuhi yake. Mtu huyo alipogeuzwa mpangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyokabidhiwa majengo hayo, angepaka rangi jengo la nani? Msajili naye alikuwa na majengo maelfu ya kuyaangalia, na bomba linalovuja kwenye nyumba ya watu lina haki ya kutangulia pazia la skrini.

Kisha ziba njia ya filamu. Shirika la umma, Tanzania Film Company, liliundwa mwaka 1968, na baadaye uingizaji na usambazaji wa filamu ukawa mikononi mwake. Nchi inayojenga utamaduni wake ina haki ya kutaka sauti katika picha inazoonyesha. Tatizo likaja kwenye pesa za kigeni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hazina ilikauka. Mafuta, dawa na vipuri vya malori vikasimama mbele ya foleni, na hapo siwezi kumlaumu mtu. Filamu, taa za projekta na vipuri vyake vikabaki mkiani. Kopi zikaja zimechelewa, zimechakaa, zimekwaruzwa na mashine za nchi nyingine. Mkanda ukikatika, mwendesha mashine anaunga, na kila akiunga kipande kidogo kinapotea, mpaka mpenzi anaanza kuimba bustanini na wimbo unaishia kwenye harusi ya mtu mwingine. Juu ya hapo weka kodi ya burudani kwenye kila tiketi, ili mwenye ukumbi uliojaa asibakiwe na cha kununulia feni.

Hapa utashangazwa na ukaidi wa watazamaji. Walikuja tu. Walikuja kumwona Bruce Lee ndani ya Enter the Dragon ya 1973, wakaja kwa Sholay ya 1975, na Disco Dancer ya 1982 iliwaacha vijana wakimwiga Mithun Chakraborty kwa mavazi na viuno. Walikaa kwenye viti vyenye misumari, kwenye joto, umeme ukikatika na kurudi. Mtu anayesema watu wetu waliipa sinema kisogo aeleze miaka hiyo. Mimi naiona kuwa ushahidi kwamba upendo ulikuwepo kupita huduma waliyopewa.

Ndipo ikaja deki ya video. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo bara, familia nyingi zilizonunua televisheni miaka ya themanini zilinunua kwa ajili ya video tu. Rais Mwinyi alipofungua milango ya biashara baada ya 1985, deki na kaseti zikamiminika, nyingi zikipitia Dubai, na filamu mpya ya Bombay ikawa inafika sebuleni kabla ya kufika ukumbini. Vibanda vya kukodisha kaseti vikaota kila mtaa. Katika hatua hii hutakiwi kufanya chochote, na kutofanya chochote ndiko kulikoleta hasara kubwa kuliko zote. Ukumbi ulikuwa na vitu ambavyo deki haina: ukubwa, sauti inayotikisa kifua, ubaridi, na ile sababu ya kuvaa vizuri na kutoka nyumbani. Vitu hivyo vingetunzwa, vingeshindana. India nayo ilivamiwa na kaseti miaka ile ile, na mwaka 1994 Hum Aapke Hain Koun..! ikazirudisha familia ukumbini kwa wingi. Huku kwetu wengi waliiona filamu hiyo sebuleni, kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine, nyuso za waigizaji zikiwa na ukungu.

Hatua inayofuata ndiyo inayonikasirisha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Hakikisha watu hawajioni wenyewe kwenye skrini kubwa.

Tulianza vizuri. Mwaka 1952 ilitoka Muhogo Mchungu, na stelingi wake, yaani mhusika mkuu, alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Nchi ngapi zinaweza kusema Waziri Mkuu wao aliwahi kuwa stelingi wa filamu ya Kiswahili? Baadaye Tanzania Film Company yenyewe ikatengeneza filamu kama Fimbo ya Mnyonge na Arusi ya Mariamu, lakini chache, kwa vipindi virefu vya kimya. Na wakati Bongo Movie, filamu za video za Kitanzania, ilipolipuka miaka ya 2000, ikitoa filamu mfululizo, ukumbi haukuhusishwa. Filamu zilinakiliwa kwenye VCD na DVD, zikauzwa madukani na mikononi mwa wamachinga, zikatazamwa nyumbani. Msambazaji alitaka pesa yake haraka, mtayarishaji alitaka kuanza nyingine, na kumbi zilizobaki zilikuwa na filamu za Hollywood na Bombay za kutosha. Hakuna aliyekaa na hesabu ya kuwakutanisha watu na waigizaji wao mahali pakubwa.

Aprili 2012 Steven Kanumba, nyota wa Bongo Movie, alifariki, na watu waliofurika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, kumuaga walikuwa maelfu kwa maelfu. Wengi walizimia. Umati ule ulimlilia mtu ambaye wengi wao walimfahamu kwa kioo cha inchi ishirini na moja. Miaka yote ile ya umaarufu wake, watu hao wa Manzese, Temeke na Magomeni hawakupewa nafasi ya kukaa pamoja gizani na kumwona mkubwa kama nyumba. Biashara iliyoshindwa kuuza tiketi kwa umati huo haina haki ya kusema watu hawana hamu.

Sasa lihamishe jumba. Litoe mjini, karibu na stendi na soko, ulipeleke ndani ya jengo la maduka lenye maegesho makubwa. Weka onyesho zuri saa tatu usiku, ili likimalizika daladala za kwenda Mbagala na Gongo la Mboto ziwe zimekwisha na mtu alipe bodaboda au teksi kwa bei inayozidi tiketi. Tiketi yenyewe iwe shilingi elfu kumi au zaidi, ili baba mwenye mke na watoto watatu afike elfu hamsini kabla ya nauli na soda. Kataza mtu kuingia na karanga zake. Bisi ziuzwe ndani kwa bei ya mlo wa mchana wa mama ntilie. Onyesha filamu za Kiingereza bila maandishi ya Kiswahili chini, na kila mtu akae kimya.

Hilo la ukimya linaonekana dogo, na huenda kwa mtu aliyezoea sinema za kimya ni starehe. Lakini sinema yetu haikuwa ya kimya. Watu walimwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Walimzomea mama mkwe mkorofi. Aliyeiona picha jana alimsimulia jirani yake kitakachotokea, jirani akamkemea, na wa nyuma akawakemea wote wawili. Mtu mzima hakulipa nauli na tiketi ili akaketi peke yake katikati ya watu. Ukiondoa kelele ile, kweli amebaki na sababu ndogo sana ya kutotazama nyumbani.

Majengo ya zamani nayo yasiachwe yakakumbusha watu. Majestic ya Unguja paa lake liliporomoka na ndani kukageuka gereji. Empire likawa duka. Drive-in ya Dar es Salaam, sinema ya kutazama ukiwa garini, iliyofunguliwa Msasani mwaka 1966, ambako pikapu ziliingia zimesheheni shangazi, watoto, mikeka na masufuria ya pilau, uwanja wake leo ni ubalozi wa Marekani, uliojengwa pale baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Nairobi, abiria bado wanashuka Drive-In kwenye barabara ya Thika na matatu bado zinazunguka Globe, majina ya sinema za zamani, na vijana wengi wanaotaja majina hayo hawajaona filamu mahali hapo. Jengo moja liliponyoka: sinema ya Shan, mtaa wa Ngara, ilichukuliwa na wasanii wa sarakasi, ikawa Sarakasi Dome, na mpaka sasa watu hulipa kiingilio kuona wenzao wakicheza. Nawapongeza waliofanya hivyo. Waliliona jengo la sinema wakaona ukumbi, mahali wengine wanaona ghala.

Ukishafika hapa utadhani umemaliza. Hujamaliza, kwa sababu watazamaji wako hai. Nenda Manzese, Mbagala, Tandika, au Kibera na Kawangware kule Nairobi, jioni yoyote. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni au projekta ndogo, kiingilio cha sarafu, joto la kuumiza, ndiyo maana Dar es Salaam tunaviita vibanda umiza. Jumamosi ni mpira wa Uingereza, siku nyingine ni filamu. Na filamu hizo zina sauti ya mtu wetu juu yake. Lufufu, Derek Mukandala, alijenga jina kwa kuzisimulia filamu za Wahindi, Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili, akieleza, akitania, akiwapa wahusika maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyawaza. Kenya wana DJ Afro, naye ana mashabiki wengi kuliko nyota wengi wa hizo filamu. Uganda mavijei wanafanya kazi hiyo hiyo kwa Kiganda. Watu hawa walitatua, kwa kipaza sauti kimoja na bila ruzuku, matatizo matatu ambayo kumbi kubwa ziliyakimbia: umbali, bei na lugha.

Najua malalamiko juu ya vibanda, na mengine ni ya kweli. Watoto huingia usiku wanapotakiwa kulala. Huonyeshwa mambo wasiyostahili kuona. Hakimiliki haiheshimiwi, na msanii halipwi. Anayetaka viti vitupu atayachukua malalamiko haya na kutuma gari la kukamata televisheni, kisha aondoke. Njia nyingine ni kukaa na wenye vibanda, kuwapa leseni wanayoweza kuilipia, kuwapa filamu halali za Kiswahili kwa bei ya kibanda, kuwawekea saa za watoto na saa za watu wazima. Kwa njia hiyo mtayarishaji wa Bongo Movie angepata mamia ya kumbi kwa mara moja. Mimi ningeanzia hapo hata kabla ya kufikiria jumba jipya lenye zulia.

Mwisho kuna ajali za kuepuka, kwa sababu zimekuwa zikitokea na kila zinapotokea kazi yote inaharibika. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ilitoka mwaka 2012, inazungumza Kiswahili na Sheng, inamfuata kijana wa shamba anayetaka kuwa mwigizaji mjini, na Wakenya wakapanga foleni. Septemba 2018 mahakama ilisimamisha kwa siku saba marufuku iliyokuwa imewekewa Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, na kwa siku hizo kumbi za Nairobi zikajaa hadi maonyesho yakaongezwa. Uwe na maoni yoyote juu ya filamu ile, foleni ilikuwepo na tiketi zililipiwa. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, Unguja ya miaka ya hamsini, Kiswahili kilichonyooka, ikapokelewa Toronto na baadaye ikapelekwa na Tanzania kugombea Oscar. Na tangu 1998 tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likitundika skrini Ngome Kongwe, chini ya nyota, hatua chache kutoka bahari ya Forodhani, na wenyeji hufika na watoto wao. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao asiyekuwa na simu.

Ajali za namna hii zinaweza kutokea kwenye kila wilaya. Karibu kila mji una ukumbi wa jamii au wa halmashauri ambao hufunguliwa kwa mikutano na sherehe za harusi, halafu hufungwa siku zote zilizobaki. Projekta nzuri bei yake imeshuka. Spika za harusi zipo mtaani kwa kukodi. Filamu za Kiswahili zipo, watayarishaji wake wanatafuta mahali pa kuzionyesha na wangekubali mgawo wa mlangoni. Jumapili saa tisa alasiri daladala zipo, watoto hawana shule, na muuza mihogo na muuza ubuyu wangekaa nje ya mlango bila kufukuzwa. Kiingilio kiwe elfu moja, watoto mia tano. Ufunguo wa ukumbi mara nyingi uko kwa afisa utamaduni wa wilaya au mtendaji wa kata, na kuuomba ni barua ya ukurasa mmoja.